Matatu iliyogeuka nyumba: miezi kumi na kazi ya fundi wetu wa Nakuru

Ukilitazama ubavuni saa kumi za jioni, jua likiwa limelala, utauona mstari wa manjano. Rangi nyeupe imepigwa mara mbili juu yake lakini kivuli chake bado huchomoza, kuanzia mlango wa dereva hadi taa ya nyuma. Gari letu lilikuwa matatu. Lilibeba abiria 14 kati ya Nakuru na Nyahururu miaka na miaka kabla halijafika mikononi mwetu, na sasa linabeba watu wawili, kitanda, jiko la gesi, na mbuzi yangu ya kukunia nazi.

Nimeulizwa na majirani hapa Kiamunyi, Nakuru, na wenzangu niliostaafu nao, na hata askari wa barabarani: limetengenezwa wapi, limekula pesa ngapi, na je, linafaa? Nawajibu wote hapa. Tumekaa nalo miezi kumi na limetembea zaidi ya kilomita 6,000. Linafaa, na fundi aliyelitengeneza ningemrudia kesho. Lakini yako aliyoyakosea yeye, na yako tuliyoyakosea sisi kwa kutojua cha kuagiza. Hayo nitayaeleza kwa urefu, maana ndiyo yatakayomla mtu pesa.

Mimi ni muuguzi. Nilifanya kazi Mombasa miaka 34. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa mwendesha kreni bandarini. Yeye ni mtu wa Mumias, mimi ni wa Kisauni. Tulipostaafu yeye alitamani kusogea kwao, mimi sikutaka kuwa mbali na wajukuu, na binti yetu anafundisha Njoro. Tukakubaliana Nakuru. Mji ulikuwa umepewa hadhi ya jiji Desemba 2021, nasi tukahamia mwaka uliofuata. Nyumba tuliipenda, baridi tuliizoea polepole, ila siku zilikuwa ndefu. Mtu aliyezoea zamu za usiku na mwenzake aliyezoea meli zikiingia na kutoka, ukiwaketisha barazani waitazame Menengai kutwa kucha, watanyong'onyea. Mimi nilinyong'onyea. Sikuwa na shoga hata mmoja wa kumpigia hodi.

Wazo la gari lilikuwa la Baba Zuhura. Kwanza tulikodi lile gari la juu lenye hema kwenye paa, siku tatu, twende Bogoria. Gari zuri, chemchemi za maji moto tuliziona na heroe tuliwaona. Lakini hema liko juu na ngazi ni ya kupanda kama ya kuezekea nyumba. Saa nane za usiku Baba Zuhura alitaka kwenda haja. Nilimmulikia tochi akishuka kinyumenyume, mguu ukipapasa kidato gizani. Nimeuguza wazee wengi waliovunjika nyonga, na wengi wao walianguka vivyo hivyo, usiku, wakielekea chooni. Asubuhi nikamwambia: mimi nitasafiri nawe popote, lakini kitanda kiwe chini na choo kiwe ndani.

Ndipo tukanunua ile HiAce, ya dizeli, paa la juu, kwa shilingi 1,150,000, sehemu ya kiinua mgongo chake. Kazi ya fundi, pamoja na sola, friji na kila kitu, ikawa 420,000. Ni pesa nyingi kwa watu wa pensheni. Tulilizungumza jambo hili wiki tatu, na hatukukopa.

Fundi wetu ni kijana mwenye uwanja wake wa jua kali upande wa viwandani, aliyekuwa akitengeneza viti na mabodi ya matatu. Hakuwa amewahi kutengeneza gari la kulala. Alituambia hivyo mwenyewe siku ya kwanza, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Jambo la pili alilotuambia ni logbuku, ile hati ya umiliki wa gari. Gari la abiria likigeuzwa kuwa la binafsi lazima likaguliwe, maelezo yake yabadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima nayo ibadilishwe. Akakataa kung'oa kiti hata kimoja kabla hatujaanza hiyo safari ya makaratasi. Nimeshasikia watu waliofanya kinyume chake, gari likamalizika na halina ruhusa ya kutoka uani.

Kidhibiti mwendo tulikiacha, kile kinachozuia matatu kupita kilomita 80 kwa saa tangu sheria za 2004. Haraka ya wapi?

Sasa kitanda. Fundi alikijenga futi 4 kwa 6, kwa urefu wa gari, na ukubwa huo unatutosha. Lakini alikiinua mno ili apate nafasi ya mizigo chini. Nilipokwenda kukiona nikakaa ukingoni, miguu yangu ikaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi la zahanati. Nikamwambia kishushwe.

"Mama, hii nikiishusha mtapoteza store ya chini."

"Mwanangu, niangalie miguu. Usiku nitashukaje?"

Alinyamaza kidogo, kisha akachuchumaa akatoa futi yake mfukoni, akapima kutoka nyuma ya goti langu hadi kisigino. Nchi 16. Akaandika kwa chaki kwenye plaiwudi. Kesho yake alikuwa ameikata fremu yote kwa mashine, akaishusha hadi nchi 13, na godoro la nchi 4 juu yake. Nikikaa sasa nyayo zinatua sakafuni bapa, na nikisimama sivutwi na mtu. Mnaoagiza gari kama hili na mmevuka miaka 60, msianze na sola wala friji. Anzeni na goti.

Jambo la pili ni kidato cha mlango wa ubavuni. HiAce iko juu, kwa hivyo alichomelea kidato cha chuma kinachokunjwa. Kazi safi, weldi haionekani. Lakini alikitengeneza kwa bati laini, akakipaka rangi ya kung'aa. Kikilowa huwa kama sabuni. Kericho, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, niliteleza nikiwa na sufuria ya chai mkononi. Sikuvunjika, alhamdulillahi, nilipata jeraha la ugoko tu, lakini muuguzi anajua lingeweza kuwa nini. Tuliporudi Nakuru nilimwonyesha fundi lile jeraha. Hakujitetea. Alikata kipande cha tairi kuukuu, upande wenye meno, akakifunga juu ya kidato kwa bolti nne. Sikulipa hata senti. Tangu hapo sijateleza, hata kwenye tope la Kakamega.

Safari yetu ya kwanza ndefu ilikuwa Eldoret, kwa njia ya Timboroa. Tulilala Timboroa, uani kwa mwenzangu niliyesoma naye uuguzi. Pale ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo nilipopambana na maharagwe. Nilikuwa nimeyaloweka usiku kucha. Nikayabandika saa nne asubuhi, saa saba bado yanagonga meno. Mtu wa pwani hana habari hii: kila ukipanda mita 300 maji huchemka kwa joto lililopungua karibu nyuzi moja, kwa hivyo Timboroa maji yanatokota kwenye nyuzi 91 hivi. Yanaruka mapovu, yanakudanganya, na chakula hakiivi. Mwenyeji wetu alicheka akaniletea sufuria ya presha. Tuliporudi tulinunua yetu, na imetuokolea gesi nyingi kuliko kifaa kingine chochote tulicho nacho. Mtungi wa kilo 6 sasa unamaliza safari mbili.

Kosa kubwa lilijitokeza tukirudi. Ule mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa kila dereva wa Kenya anaujua na malori yake. Baba Zuhura alikuwa ameshuka gia mapema, mwendo wa polepole, lakini kila kona ya kushoto nilihisi vyombo vikisogea na gari likichelewa kuinuka. Hakusema neno hadi tulipofika Salgaa. Akaegesha mahali tambarare, akazima, akashuka, akaenda gurudumu la nyuma la kulia. Akaingiza vidole kati ya tairi na bodi. Vinne viliingia. Akazunguka kushoto: kiganja kizima kikapita na nafasi ikabaki.

"Mzigo umelala," akasema.

Miaka 30 alikuwa akiinua makontena, na lake la kwanza kila siku lilikuwa hilo, mzigo umekaa wapi. Fundi alikuwa ameweka kila kizito upande wa kulia ili mlango wa kushoto uwe wazi: mitungi miwili ya maji ya lita 20, betri, gesi, friji, sinki, na kabati la plaiwudi nene. Ukijumlisha na dereva, ambaye pia yuko kulia, ni watu wawili wazima waliozidi upande mmoja. Hatukumlaumu sana, maana matatu hujisawazisha yenyewe kwa abiria. Lakini naomba kila atakayetengeneza gari lake alipeleke kwenye mizani likiwa limejaa maji na gesi, au walau afanye kama Baba Zuhura, apime kwa vidole pande zote nne kabla hajalilipia. Fundi alihamisha betri na friji upande wa kushoto karibu na ekseli ya nyuma, akapunguza unene wa plaiwudi ya kabati, na akatuongezea jani moja la springi kila upande. Hiyo ya springi tulilipa. Sasa vidole vinaingia sawasawa.

Na paa. Aliweka kidirisha cha hewa juu ya kitanda, wazo zuri, akaziba ukingo kwa silikoni peke yake. Silikoni juu ya bati linalopata jua la mchana na baridi ya usiku haikai. Kericho hiyohiyo ya kidato, saa tisa usiku, tone likanidondokea kwenye paji la uso. Nikadhani naota. La pili likaja. Tukasogea, tukaweka bakuli katikati yetu, tukalala na mlio wake hadi adhana ya simu. Godoro lilichukua siku mbili kukauka. Fundi alikirekebisha kidirisha kwa kuweka raba nene iliyobanwa kwa skurubu pande zote, kisha silikoni juu yake, na tangu hapo hata mvua ya mawe haijapenya. Kilichonipendeza ni neno lake nilipompigia simu: "Mama, hiyo ni kosa yangu, leteni gari." Wangapi watakwambia hivyo?

Lipo alilolifanya vizuri kuliko nilivyojua kuomba, nalo ni gesi. Kabati la mtungi limefungwa kabisa upande wa ndani, na sakafuni mwake ametoboa tundu la ukubwa wa kikombe cha kahawa linalotokea chini ya gari. Nilimuuliza kwa nini chini na si juu. Akasema gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakwenda chini, kwa hivyo ipewe njia ya chini. Ni kweli. Nami nikaongeza langu: kengele ya hewa ya sumu ya makaa (kaboni monoksidi) juu ya kitanda, na marufuku ya jiko la makaa ndani ya gari, liwe linawaka au linazimika. Nimepokea watu waliobebwa kutoka vyumba vilivyofungwa vyenye jiko la makaa. Wengine walikuwa familia nzima. Sumu ile haina rangi wala harufu, na anayelala haamki kujitetea. Usiku wa baridi Mau au Timboroa utatamani sana kuliingiza jiko ndani. Ongeza blanketi.

Umeme sina mengi ya kusema, unafanya kazi. Paneli moja ya wati 200 juu ya paa, betri moja ya saa-ampia 100, na kifaa kinachoichaji betri hiyo injini ikiwa inanguruma, ambacho ndicho kinachotuokoa Kericho jua lisipotoka. Ikisoma voti 12.7 imejaa, ikifika 12.1 nusu imekwisha, na hatuishushi zaidi ya hapo maana betri za asidi kama hiyo hufa mapema ukizikausha. Choo ni cha kubebeka, chenye kifuniko cha kubana. Tunakimwaga chooni tu, kamwe si mtoni. Mwanamume wa miaka 66 huamka mara mbili usiku, na hatua tatu ndani ya gari zimempa usingizi ambao hema lile lisingempa.

Maji ndiyo hesabu yangu ya kila siku. Lita 40 kwa watu wawili, kupika, kuosha vyombo, na udhu mara tano. Pampu ya mguu niliyoiomba inatoa uzi mwembamba wa maji, na kwa udhu mmoja situmii zaidi ya lita moja. Tunamaliza siku mbili bila kujaza.

Kisumu ni kama kilomita 180 kutoka kwetu kwa njia ya Londiani na Kericho. Kwenye maungano ya Londiani watu bado hutupungia mkono. "Kericho ngapi?" Ni ule mstari wa manjano. Tulimbeba bibi mmoja na kuku wake wawili mara moja, bila nauli, akakaa kitandani akapapasa mapazia, akatuombea dua ndefu ya Kikipsigis ambayo hatukuielewa ila jina la Mungu.

Unaposhuka kutoka kwenye chai kuelekea Awasi na Ahero, joto linakupokea mlangoni. Hapa gari lilinipa somo jingine. Lile sponji la fedha alilotandika chini ya plaiwudi ya dari, ambalo Timboroa lilikuwa neema, Kisumu linaushika ujoto wa mchana na kuurudisha usiku. Feni ndogo ya voti 12 inasaidia, lakini madirisha lazima yawe wazi, na madirisha wazi kando ya ziwa maana yake ni mbu. Nyavu za madirisha fundi alizibandika kwa velkro. Upepo wa ziwani ukabandua kona moja, nasi hatukuona. Siku ya kumi na mbili baada ya kurudi Nakuru, Baba Zuhura akaanza kutetemeka. Nilimpeleka kupimwa siku hiyohiyo: malaria. Akameza dawa siku tatu, dozi sita, kila moja na chakula chenye mafuta kidogo maana ndivyo inavyoshika vizuri, na akapona. Sisi wa Nakuru, ambako malaria ni haba, miili yetu haina kinga waliyo nayo wenyeji wa ziwa. Ukilala kule weka chandarua chenye dawa juu ya kitanda hata kama gari lina nyavu, na ukipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, kapime, usimeze panadol ukangoja. Nyavu sasa zimo ndani ya fremu ya aluminiamu.

Lakini Dunga, ufuko wa Ziwa Victoria pale Kisumu, nitarudi kila nikipata nafasi. Tuliegesha uani kwa mwenyeji aliyetutoza kidogo tu, tukinunua samaki palepale maboti yanapofika. Ngege alikuwa bado anapanua mashavu. Mimi nina nazi zangu, nilizinunua sokoni Nakuru, na nilikuwa sijapika wa kupaka tangu tuhame. Nikawasha jiko la makaa nje, chini ya mti, nikamchoma ngege polepole, nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, nikakamua tui la kwanza, ndimu, pilipili, kitunguu saumu, manjano. Nikampaka, nikamgeuza, nikampaka. Mama mmoja muuza samaki aliyekuwa akipara magamba karibu alisimama na kisu chake.

"Dada, hiyo nyeupe ni nini?"

Nikampa kipande kwenye sahani ya bati. Alitafuna kwa makini sana, macho ziwani.

"Tamu," akasema. "Lakini samaki amepotea."

Sikujua la kumjibu. Asubuhi yake alikuja na sufuria iliyofunikwa kwa sahani: ngege wa kuchemsha, nyanya, kitunguu, chumvi, basi. Na ugali mgumu wa mtama uliochanganywa na muhogo. Nilionja mchuzi ule na nikaelewa alichokuwa akisema. Ngege ni samaki mpole, wa maji baridi yasiyo na chumvi, na tui langu lilikuwa limemfunika kama nguo nzito. Tulikaa kwenye kidato cha gari, mimi na yeye, tukala kwa mkono kutoka sufuria moja. Ananipigia simu hadi leo. Mara ya pili nilipokwenda nilimpelekea nazi mbili, akaniambia atazijaribu na mbuta, maana mbuta ana nguvu ya kustahimili. Alijaribu, na alikuwa sahihi.

Kakamega kwenyewe tulilala kambi ya KWS, shirika la wanyamapori, upande wa Buyangu, ndani ya msitu ule ambao ni kipande cha mwisho nchini cha msitu wa mvua wa Kongo na Afrika Magharibi. Alfajiri mbega walikuwa juu yetu, mikia myeupe ikining'inia. Angalieni barabara tu: HiAce husukumwa na magurudumu ya nyuma na tumbo lake liko chini. Mvua ilinyesha, udongo mwekundu ukawa uji, tukakaa siku nzima tukingoja ukauke. Si gari la porini na tusilidai hivyo.

Mumias gari halikulala mtu. Tulifika wakati wa magharibi, Baba Zuhura akaegesha chini ya mwembe wa marehemu baba yake, akaanza kufungua mapazia. Kaka yake mkubwa akaja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Hapa ni kwa baba yako," akasema. "Mgeni ndiye hulala garini. Shemeji, mlete ndani."

Tulilala nyumbani mwa kaka mtu, chumba cha mbele. Usiku Baba Zuhura hakulala mapema. Aliniambia gizani kwamba miaka yote ile ya bandarini alikuwa akija kwao kwa basi la usiku, siku mbili, na kurudi, na hakuwahi kukaa muda wa kutosha kuambiwa neno kama lile. Sasa twaenda kila baada ya mwezi na nusu hivi. Amepewa mahali pa kujenga chumba, karibu na mwembe. Kiamunyi nayo imekuwa tamu kwangu tangu niwe na safari za kwenda na kurudi. Majirani hunijia kuuliza nimeleta nini, na omena wa Dunga amenipatia mashoga watatu.

Saiwa, karibu na Kitale, ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari yetu ya karibuni. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, ilitengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka asizame. Gari linabaki nje, unatembea kwa miguu juu ya mbao hadi kwenye minara ya kutazamia. Tulikaa kwenye mnara kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi na thamosi ya chai. Saa moja kasoro, mafunjo yakatikisika, akatoka jike mmoja na mtoto, maji magotini. Ngazi za mnara ni za mbao na zina kishikilio. Niliweza.

Mafuta: lita moja inatupa kilomita 9 hadi 10 tukiwa tumejaa. Alama nampa fundi nane juu ya kumi, na hizo mbili alizopoteza ni za mizani na paa, ambazo amekwisha kuzirekebisha. Tangu kwetu ametengeneza jingine, la wanandoa wastaafu wa Njoro, na nimeliona: betri iko kushoto, kitanda kiko chini, na kidato kina meno ya tairi tangu siku ya kwanza.

Jumatatu tunampelekea letu afunge turubai la ubavuni kabla ya masika. Nimeshamwambia na kidato akiangalie tena, bolti moja ya kushoto imeanza kulegea.